Jinsi ya Kupendekeza Kipengele Kipya Kwenye Mchezo wa Kusimulia Hadithi Mtandaoni

Mapendekezo mengi yanayowafikia watengenezaji wa michezo ya hadithi ni ya sentensi moja: wekeni ramani, wekeni dadu, wekeni sauti, wekeni akili mnemba. Hayana ubaya, ila hayasaidii. Anayeyasoma hajui mwombaji alikuwa anafanya nini alipoona pengo hilo, hadithi yake ilikwamia wapi, wala wenzake walisemaje. Anayapachika kwenye orodha, na orodha yenyewe ni ndefu.

Mwongozo huu ni wa anayecheza michezo hii na anataka ombi lake lisomwe hadi mwisho. Mfano mkuu nitakaoutumia ni Storium, mchezo wa mtandaoni wa kuandika hadithi kwa pamoja, kwa sababu kanuni zake zimenyooka na zinaonyesha vizuri kwa nini kuongeza kitu kwenye mchezo wa hadithi si sawa na kuongeza silaha kwenye mchezo wa vita. Lakini hatua ni zilezile hata kama kundi lenu linaandikia kwenye Discord, Telegram au WhatsApp, au mnacheza kwenye ulimwengu wa maandishi uliojengwa kwa programu huria kama Evennia.

Kabla ya yote: nani ameshika kalamu?

Mchezo wa hadithi unaendeshwa na zamu. Nani anaandika sasa, anaruhusiwa kuamua nini, na nani anaweza kumwambia arekebishe. Ukiielewa zamu, umeuelewa mchezo. Usipoielewa, utaomba kitu kitakachouvunja bila wewe kujua.

Storium ilichangisha fedha kwa umma kupitia tovuti ya Kickstarter mwaka 2014 na kupata zaidi ya dola 250,000. Ndani yake mmoja ni msimulizi na wengine kila mtu ana mhusika wake. Msimulizi anafungua tukio na kuweka kadi ya changamoto yenye nafasi kadhaa za kujazwa. Wachezaji wanaandika wahusika wao wanavyokabiliana nayo huku wakitumia kadi zao: kadi ya uwezo inavuta matokeo yawe mazuri, ya udhaifu inayavuta yawe mabaya. Anayejaza nafasi ya mwisho ndiye anayeandika changamoto ilivyoisha, ikiwa mizani imelalia upande mmoja. Ikibaki katikati, kalamu inarudi kwa msimulizi.

Dadu hamna. Sasa mtu akija na ombi la dadu, anadhani anaongeza utamu kidogo. Kumbe anataka nguzo ing'olewe, kwa kuwa katika mchezo huu mchezaji mwenyewe ndiye anayechagua lini mhusika wake aanguke, na kuanguka huko ndiko kunakoleta sura nzuri za hadithi. Dadu ingeamua badala yake. Huenda kwa kundi lenu hilo ni jambo jema, lakini ombi litakalosikilizwa ni la mtu anayeonyesha kwamba anajua anachokigusa.

Kwa hiyo swali la kubeba tangu mwanzo hadi mwisho ni hili: kipengele ninachokitaka kinamwongezea nani kauli, na kinampunguzia nani?

Hatua ya kwanza: rudi mahali hadithi ilipokwama

Usianze na suluhisho. Anza na siku ambayo mchezo ulikwama au ulichosha, ufungue tukio lenyewe na ulisome upya.

Tuchukue kisa kimoja tukifuate hadi mwisho. Watu watano wanaandika hadithi ya jahazi lililotoka Mombasa kwenda Maskati kwa upepo wa kusi. Wamefika karibu na Ras Hafun, pwani ya Somalia, bahari imechafuka, foromali (boriti inayobeba tanga) imevunjika. Changamoto ina nafasi nne. Baharia kaandika, mpishi kaandika, abiria mwenye siri kaandika pia. Imebaki nafasi moja, na wote watatu wamemalizia maandishi yao kwa kumgeukia nahodha: tugeuze au tuendelee? Mwenye nahodha kimya. Kesho yake kimya. Siku ya nne mpishi anaandika pembeni, "Jamani, tumezama?"

Kundi likikaa kulalamika, maombi yatakayotoka ni haya: arifa zipige kelele zaidi, mchezaji asiyeandika atolewe, kuwe na saa inayohesabu. Yote yanamlenga mtu aliyekosekana. Lakini lisome tukio tena. Kilichokwama ni uamuzi wa nahodha. Baharia angeweza kuvuliwa zamu bila mtu kuona tofauti. Nahodha hawezi, kwa sababu wenzake wamemwekea yeye mzigo wote. Tatizo halisi, basi, ni kwamba hadithi haina njia ya kumvusha mhusika muhimu bila mwenyewe, na bila kumharibia.

Andika hayo yote yangali mabichi: tukio lipi, nani alikuwa anamsubiri nani, muda gani, na mlifanya nini kujinasua. Njia mliyojinasulia ndiyo habari yenye thamani kuliko zote. Mlimuua nahodha? Msimulizi alimwandikia kimyakimya? Mliacha mchezo mkaanzisha mwingine? Mtengenezaji anaona idadi ya michezo iliyokufa. Haoni ilikufaje.

Kisha waulize wenzako, mmoja mmoja, kwa faragha. Kwenye kundi la pamoja wa kwanza kusema anawavuta wengine, hasa akiwa ndiye mkubwa wao kiumri au ndiye aliyeanzisha mchezo. Usiwaulize "mnataka kitufe cha kukabidhi zamu?" Waulize wakati ule walikuwa wanafikiria nini.

Hatua ya pili: hakikisha hakipo, na kwamba si hitilafu

Pitia mipangilio ya mchezo, hasa upande wa msimulizi, maana vipengele vingi vimefichwa huko na mchezaji wa kawaida havioni. Soma tangazo la toleo la mwisho. Tafuta ombi kama lako kwa maneno tofauti tofauti. Ukilikuta, ongeza kisa chako chini yake badala ya kufungua jipya, na ukikuta lilikataliwa, soma sababu kwa makini kuliko ombi lenyewe.

Tofautisha pia. Kitu kinachotakiwa kufanya kazi kikagoma ni hitilafu, nayo ina njia yake ya kuripotiwa. Ukiichanganya na ombi, vyote viwili vitachelewa.

Hatua ya tatu: kijaribu kwa makubaliano, kabla ya kompyuta

Hapa ndipo michezo ya hadithi inapoizidi mingine yote, na ndipo waombaji wengi wanaporuka. Huwezi kujaribu bunduki mpya bila mtu kuiandikia programu. Lakini karibu kanuni yoyote ya kusimulia unaweza kuijaribu usiku huuhuu, kwa kukubaliana tu.

Ushahidi upo. Kadi ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos kwa ajili ya michezo ya mezani, ni karatasi yenye herufi X tu. Mtu akiigusa, jambo linalosimuliwa linarukwa au kubadilishwa, na haulizwi kwa nini. Makundi ya mtandaoni yaliichukua hivyohivyo: mtu anaandika X kwenye soga, basi.

Turudi jahazini. Kundi linakubaliana kanuni ya majaribio: mchezaji akikaa kimya saa 72 wakati zamu ni yake, msimulizi anaweza kumkabidhi mhusika huyo mwenzake mmoja kwa sentensi mbili tu, bila kumuua, kumwozesha wala kumfichulia siri. Wanaicheza kwa sura kadhaa.

Ukifanya hivi utaona mambo ambayo kukaa na kufikiri hakukuonyeshi. Muda wenyewe haugombaniwi sana. Saa 72 au siku tano, watu huzoea. Kinachozua maneno ni pale mwenye mhusika anaporudi. Anasoma sura nzima akikuta nahodha wake ametoa amri, wala hajui ni nani aliyeiandika. Hata kama amri ni nzuri, anajiona ameporwa. Ikiwekwa alama ndogo, "hapa nahodha aliandikwa na fulani", na akapewa nafasi ya kurekebisha zile sentensi mbili ndani ya siku moja, manung'uniko yanapungua. Ombi lililoanza kama saa ya kuhesabu limegeuka kuwa ombi la alama na haki ya kurekebisha. Lingetumwa wiki ya kwanza, lingekuwa ombi lisilo sahihi.

Kama unachotaka ni akili mnemba ya kusaidia kuandika, kuna kipimo cha kuazima. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst walichapisha mkusanyiko wa hadithi zipatazo 6,000 kutoka Storium, na wakaweka mfumo ambamo mashine inapendekeza maandishi na mchezaji anayahariri. Waliangalia, pamoja na mengine, ni kiasi gani cha maandishi ya mashine kilibaki baada ya mchezaji kupitisha kalamu yake. Fanya hivyohivyo kwa mkono: chukua sentensi kutoka kwenye programu yoyote ya akili mnemba, lipe kundi lako liihariri, kisha hesabu maneno yaliyosalia. Mkifuta karibu yote kila mara, hamkihitaji kipengele hicho, hata kama kinawasisimua. Na kwa anayeandika Kiswahili onyo ni kubwa zaidi: mashine hizi huweza kukuandikia sarufi isiyo na kosa, huku mhusika wa Kimvita akiongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

Hatua ya nne: mtafute atakayeumia

Kila kipengele kina mtu wa kukitumia vibaya. Kura ya kumtoa mchezaji itatumiwa na marafiki watatu dhidi ya mgeni. Alama za "nimependa" zitawafanya watu waandike aya ndefu zenye mapambo, na mwenye sentensi fupi kali atajiona hafai. Kuficha maandishi hadi wote wamalize kunaleta mshangao, ila kunamnyima mwandishi wa mwisho nafasi ya kuunganisha.

Vichujio vya maneno ndiyo mfano wa wazi kabisa. AI Dungeon, mchezo wa hadithi unaoendeshwa na akili mnemba uliotoka 2019, uliweka kichujio mwaka 2021 kuzuia maudhui ya kingono yanayohusu watoto. Lengo halina mjadala. Lakini kichujio kilinasa pia maandishi yasiyo na hatia, na wachezaji wakakasirika zaidi walipojua kwamba hadithi zao za faragha zingeweza kusomwa na watu wakati wa uhakiki. Ukipendekeza chochote kinachochuja, kuripoti au kufungia, eleza na aliyenaswa kimakosa atajinasuaje.

Chukua dakika chache ujifanye mchezaji mkorofi wa kundi lenu. Unamjua. Yeye angekitumiaje kitufe chako? Jibu liingie kwenye ombi kama mipaka.

Hatua ya tano: liandike ombi

Lisizidi ukurasa mmoja wa simu, au mmoja na nusu. Kama timu inafanya kazi kwa Kiingereza, andika kwa Kiingereza cha sentensi fupi. Kiingereza cha kubabaisha chenye kisa kamili kinazidi kile fasaha kisicho na kisa. Lakini rasimu iandike kwa Kiswahili kwanza, ujue unachotaka kusema.

Ombi la jahazi lingekuwa hivi:

*Kichwa:* Msimulizi aweze kumkabidhi kwa muda mhusika wa mchezaji aliyekaa kimya.

*Kilichotokea:* Changamoto yenye nafasi nne, tatu zimejazwa. Wachezaji watatu walimaliza kwa kumsubiri nahodha aamue. Mwenye nahodha hakuandika kwa siku sita. Hakuna aliyeweza kuendelea bila kuandika maneno ya mhusika asiye wake.

*Tunavyofanya sasa:* Msimulizi anaandika amri ya nahodha ndani ya maandishi yake. Mwenye nahodha akirudi hajui ni nani aliyeandika nini.

*Tunachoomba:* Kitufe upande wa msimulizi, kinachoonekana baada ya muda aliouweka mwenyewe, cha kumkabidhi mhusika kwa mchezaji mwingine kwa zamu moja. Maandishi hayo yawe na alama ya jina la aliyeandika. Mwenye mhusika akirudi apewe saa 24 za kuyarekebisha.

*Mipaka:* Kiwe kimezimwa mpaka kundi likiwashe mwanzoni mwa mchezo. Aliyekabidhiwa asiweze kutumia kadi za mwenye mhusika.

*Tusichoomba:* Hatuombi mchezaji atolewe, wala mfumo ukabidhi wenyewe bila msimulizi.

*Tulivyojaribu:* Tumeicheza kwa makubaliano katika sura kadhaa. Bila alama ya jina kulikuwa na ugomvi, ilipowekwa ulipungua.

Angalia kichwa: kina mtendaji na tendo, si "Wazo la kuboresha mchezo". Sehemu ya "tusichoomba" watu huiona kama pambo, nami naiona ndiyo inayookoa muda kuliko zote, kwa sababu msomaji mwenye haraka hukimbilia ombi kubwa linalofanana na lako na kulikataa hilo. Na mstari wa kadi unaonyesha kwamba uliifikiria ile kanuni ya msingi ya nani ameshika kalamu.

Ukiambatanisha picha ya skrini, funika majina na maandishi ya wenzako yasiyohusika. Hadithi ni ya wote, hukuiandika peke yako.

Mambo ambayo wewe tu unaweza kuwaambia

Watengenezaji wengi wa michezo hii wako mbali, na wanacheza wakiwa na kompyuta na intaneti isiyokatika. Mchezaji wa Morogoro au Kisumu anaandika kwa simu, kwa bando la siku, huku betri ikisoma asilimia kumi. Hali hiyo inazaa maombi ambayo mwenzako wa Chicago hawezi kuyaota, nayo ni rahisi kukubaliwa kwa sababu huwafaa wengi bila kugusa kanuni za mchezo.

Rasimu ndiyo ya kwanza. Umeandika aya nne za tufani, unabonyeza kutuma, mtandao unakata, ukurasa unajifungua upya, aya hazipo. Usiandike "mtandao wetu ni mbaya" (watakuonea huruma na kuishia hapo). Andika hatua: aina ya simu, kivinjari, ulifungua nini, ulizima data wakati gani, ulipowasha ukaona nini. Kisha omba rasimu ihifadhiwe ndani ya simu hadi seva ithibitishe imepokea. Kwa uzito wa ukurasa, soma kwenye mipangilio ya simu yako data iliyotumika kabla na baada ya kufungua tukio moja, uwatajie tarakimu.

Saa nazo zinapotosha. Ukiwaandikia kwamba zamu ilifungwa saa mbili usiku, asiyejua hesabu yetu ataelewa saa nane usiku wa manane. Andika 20:00 EAT (saa za Afrika Mashariki), yaani UTC+3. Na kama mchezo unaonyesha mwisho wa zamu kwa saa za Marekani pekee, hilo lenyewe ni ombi zuri: muda uonyeshwe kwa saa za mahali alipo mchezaji.

Hatua ya sita: litume, kisha ungoje kiungwana

Tuma mahali timu ilipotaja kuwa ndipo panapopokewa mapendekezo, ombi moja kwa ujumbe mmoja. Kwa michezo ya programu huria, kama iliyojengwa kwa Evennia, mara nyingi ni GitHub, tovuti ambako watengenezaji huweka programu zao na kuzijadili. Fungua mjadala kabla ya kuandika programu yoyote, hata kama unajua kuiandika, maana kukataliwa kazi iliyokamilika kunauma kuliko kukataliwa wazo. Ukiulizwa swali, jibu kwa kisa, usijibu kwa kusisitiza.

Wengi hapa hukimbilia kukusanya kura. Kura zinasaidia, ila zina kikomo, na kisa cha LambdaMOO kinafaa kujulikana. Huo ulikuwa ulimwengu wa maandishi matupu ulioanzishwa na Pavel Curtis akiwa kwenye kituo cha utafiti cha Xerox PARC, California, mwaka 1990. Mwishoni mwa 1992 wasimamizi, waliokuwa wakiitwa wachawi, walitangaza kwamba wanajitoa kwenye maamuzi ya kijamii na kubaki mafundi tu. Mwaka 1993 ukawekwa utaratibu: mchezaji anaandika pendekezo, anakusanya sahihi, wasimamizi wanalihakiki, kisha linapigiwa kura na kupita likipata kura mbili za ndiyo kwa kila moja ya hapana. Uhakiki haukuuliza kama wazo ni zuri. Uliuliza kama limeelezwa kwa usahihi wa kutosha mtu kulitekeleza, kama linawezekana kiufundi, na kama halitaudhoofisha mfumo wenyewe au kuwaingiza wasimamizi matatani kisheria. Mwaka 1996 wachawi walirudi, wakikiri kwamba ufundi na maamuzi ya kijamii havitengani.

Mtengenezaji wa leo anafanya uhakiki uleule kimoyomoyo. Ombi lenye wafuasi mia lisiloeleweka vya kutosha kutekelezwa linakwamia hapo. Kwa hiyo ukitaka wenzako wakuunge mkono, waombe kila mmoja aongeze tukio lake alilokwama.

Likikaa wiki kadhaa bila jibu, uliza mara moja kwa upole, ukiwa na jambo jipya la kuongeza. Likikataliwa, uliza kama tatizo ndilo lisilokubalika au ni suluhisho, kwa sababu mara nyingi ni la pili, na hapo mlango bado uko wazi. Wakati huo endeleeni na kanuni yenu ya makubaliano. Iandikeni juu ya mchezo, mgeni anayejiunga aione kabla hajachagua mhusika.

Likikubaliwa, kipengele karibu hakika kitatoka tofauti na ulivyokichora. Kitumieni kwa hadithi nzima kabla ya kusema lolote, kisha rudisha taarifa kwa mpangilio uleule: kilichotokea, mnavyofanya sasa, kilichobaki. Na mwenye nahodha aulizwe wa kwanza.